Fundi Kufuli wa Kapana

Miaka arobaini na miwili niko kwenye kibanda hiki
cha Kapana, Plovdiv, mtaa ambao jina lake ni Mtego,
na mimi ndani ya mtego nachonga funguo.
Mtu akija usiku, mlango umemgomea,
namuuliza: nani anakujua hapa?
Jirani akichungulia dirishani na kilemba cha kulalia,
akasema, "Huyo Radka wa ghorofa ya tatu, mfungulie,"
yatosha. Nafungua. Sijawahi kumdai Radka
athibitishe kila dakika kumi
kwamba bado ni Radka.

Sasa huu mchezo niliounua.
Mchezo wa treni. Cheka, ukimaliza nitaendelea.
Leva sitini: milima ya Rodopi, theluji, reli nyembamba.
Kila Jumapili mimi dereva, na ndugu yangu Lyubomir,
yuko Toronto, ndiye mbadilisha njia.
Kwake kahawa ya asubuhi, kwangu glasi ya rakia,
na kati yetu mabehewa kumi na manne ya mkaa.

Kisha kompyuta yangu ikaambiwa imezeeka.
Haikuugua. Iliambiwa tu.
Binti yangu Zhivka akaja, akaifuta, akaweka Linux.
"Mchezo unasema lugha moja, mashine lugha nyingine,"
akanieleza, "katikati kuna mkalimani.
Wameuandika ukalimani huo watu wasiokujua,
wala hawatakuuliza jina."
Mkalimani yule, jamani! Treni ikapanda
hadi Avramovo bila kukwama,
hata honi ililia kwa ukali uleule.

Ila Jumapili, mlangoni pa seva, palisimama mlinzi.
Salamu hana. Aliinusa mashine yangu kwa mbali
akaandika: *Mazingira hayaaminiki.*
Hayaaminiki!
Mimi, mwenye funguo za bohari ya mfamasia,
za sanduku la sadaka la kanisa,
za wajane watatu wasioaminiana wao kwa wao,
ndiye mwizi wa treni ya kuchora?
Anayeuziwa ng'ombe hukabidhiwa na kamba.
Mimi niliuziwa ng'ombe, kamba wakabaki nayo,
na wakitaka wanavuta.

Lyubomir alinionyesha kwa simu:
yuko peke yake kituoni, taa yake ya njia
nyekundu, kijani, nyekundu,
kama mtu anayekonyeza gizani.
"Rudi ulikotoka," akasema, "utazeeka na ubishi."
Niseme kweli, nilitaka kurudi.
Mara mbili nilishika simu nimwambie Zhivka
arudishe kila kitu kilivyokuwa.

Mwezi wa tatu akaniletea mchezo mwingine, programu huria,
wenye sura mbaya kama picha ya pasipoti.
Miti ni mifagio. Theluji ni unga uliomwagika.
Treni haitoi moshi, na daraja linaelea hewani kidogo.
Mlinzi hakuna; unaingia kama unavyoingia kwa shangazi.
Lyubomir alilalamika saa nzima juu ya ile mifagio.
Saa nzima, unanielewa?
Alikuwa pale.

Msimbo wake uko wazi, asome anayetaka.
Mimi naona nyayo za kuku aliyekanyaga wino.
Lakini Zhivka aliponifungulia sehemu ya njia panda za reli,
katikati ya nyayo hizo nikakuta maneno ya watu,
mstari mmoja, hauna hata jina la aliyeuandika:
*Sijui kwa nini hii inafanya kazi. Usiiguse.*

Usiku uleule nilishuka kibandani na tochi,
nikavuta droo ya chini, ile inayokwaruza,
nikatoa kitasa cha marehemu Takvor, aliyenifundisha kazi.
Kimefungwa kikaratasi kwa uzi,
penseli yake imefifia lakini inasomeka:
*Springi hii imepinda. Iache hivyohivyo.*